Mmechangia nini? Tulivyotafuta ruhusa ya kutoa cheti cha QGIS tukiwa Kirumba

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe kabla hajaisema mtu mwingine. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa natoa vyeti ambavyo sikuwa na haki ya kuvitoa vile nilivyovitoa. Watu walisoma kweli, hilo sina wasiwasi nalo, siku tano nzima kuanzia saa mbili asubuhi, wengine mpaka macho yanakuwa mekundu. Shida ilikuwa lile karatasi. Nilikaa usiku mmoja na laptopu nikalichora, mpaka wa rangi ya dhahabu kuzunguka, jina la mwanafunzi kwa mwandiko wa kujipinda, mhuri wetu wa bluu wa duara, halafu juu kabisa katikati nikapachika ile Q ya kijani, nembo ya QGIS, programu ya ramani tunayofundisha, nimeishusha tu mtandaoni, hamna aliyeniruhusu na sikumuuliza mtu. Lilipendeza bana. Wanafunzi walikuwa wanapiga nalo picha nje, ziwa likiwa nyuma yao.

Kituo chetu ni chumba kimoja Kirumba, Mwanza, juu ya duka la nyavu, sio mbali na soko la samaki la Mwaloni, yaani upepo ukigeuka unafundisha leya (tabaka za ramani) na shepufaili (faili za data za ramani) huku harufu ya dagaa imejaa darasa zima. Kompyuta ziko kumi na moja, tisa zinawaka kila siku na mbili zinawaka zikijisikia. Tunafundisha QGIS, na kwa asiyeijua ni programu ya kutengenezea ramani na kuchambua data za mahali, ni huria na ni ya bure, aliianzisha Gary Sherman mwaka 2002 na zamani ilikuwa inaitwa Quantum GIS. Wanakuja vijana waliosomea upimaji ardhi, maafisa uvuvi, watu wa miradi ya maji, watu wa mashirika, na kuna jamaa mmoja alikuja akidhani ni kozi ya kufunga GPS kwenye magari, tukamwelewesha, akasema basi kwa kuwa nimeshalipa nauli ya kutoka Igoma nakaa. Huyo ndo alikuja kuwapita wote.

Sasa kuna dada mmoja wa Ukerewe, mtu wa miradi ya maji, mkimya sana darasani. Siku ya mwisho tumeshagawa vyeti, tumeshakunywa soda, watu wanafungasha, akanifuata pale mlangoni. Akasema, "Mwalimu, samahani, hiki cheti kinatambulika?" Nami kwa kiburi cha mwenye chumba nikamjibu, kinatambulika na nani? Akaweka kidole pale juu kwenye Q. "Na hawa wenye nembo."

Nilimwambia nitamjibu. Jibu sikuwa nalo, na usiku ule sikulala vizuri.

Kwetu hapa ukisema neno "kutambulika" kila mtu anawaza serikali, na ni sawa. Kuna BRELA wa kusajili biashara, kuna TIN ya kodi, kuna leseni ya biashara ya halmashauri, na ukitaka kuwa chuo chenye tuzo zinazoingia kwenye ngazi za kitaifa kuna NACTVET, ile iliyokuwa NACTE mpaka mabadiliko ya sheria ya 2021, ambayo siku hizi imebeba na usajili wa vyuo vya ufundi stadi uliokuwa kwa VETA. Huko wanaangalia majengo, walimu na sifa zao, mtaala, vifaa, mpaka vyoo. Sina ugomvi na hilo hata kidogo, mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua kuna choo. Ukitaka kujiita chuo, mlango ni huo na hamna kichochoro. Ila mlango ule haukupi ruhusa ya kubandika nembo ya QGIS kwenye karatasi yako, na kwa upande wa pili watu wa QGIS hata wakikukubali leo hawajakufanya uwe chuo Tanzania. Ni milango miwili, kila mmoja na ufunguo wake, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya hiyo milango naprinti dhahabu.

Kilichonichanganya ni lile neno huria. Nilijua leseni ya QGIS ni GPL, nikajua maana yake naruhusiwa kuitumia, kuigawa, kuifundisha, hata kutoza hela kwa kufundisha, yote hayo ni kweli. Sasa kichwani mwangu ikajiunga kwamba basi na jina na nembo ni mali ya wote. Hapana. Mama ntilie akikufundisha pilau lake, ukalipika nyumbani kwako na ukaliuza, hana neno, ila ukichora jina lake kwenye bango lako watu wakaja wakidhani ni yeye, hapo mtaongea lugha nyingine.

Nikaanza kusoma jinsi miradi mingine inavyofanya, na kumbe kila mmoja ana akili yake. Kwenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kuna LPI, taasisi ya kutoa vyeti, ipo tangu 1999, hao hawajali ulisomea wapi, unaweza kusoma peke yako chini ya mwembe Malimbe na bado ukaenda kufanya mtihani. Cheti chao cha LPIC-1 kina mitihani miwili, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, alama ya kupita ni 500 kati ya 800, na kinaishi miaka mitano. Red Hat, kampuni ya Linux, kwenye cheti chao cha RHCSA hawakuulizi maswali ya kuchagua kabisa, unapewa mashine na kazi za kufanya, ama umeiweka sawa ama hujaiweka, na ukipata kinadumu miaka mitatu. LibreOffice, zile programu huria za ofisi, kupitia The Document Foundation, wanathibitisha mtu mmoja mmoja, awe mwandika programu, mwalimu au mtaalamu wa kuhamisha ofisi kutoka programu nyingine. Moodle, programu ya kufundishia mtandaoni, wana makampuni washirika. Yaani hapo kwa Linux mzigo wote uko kwa mwanafunzi, shule ni njia tu ya kufikia mtihani.

QGIS wao wameugeuza. Wanachokithibitisha ni taasisi inayofundisha. Taasisi ikishakubaliwa, yenyewe ndo inawapa wanafunzi wake cheti chenye nembo ile ile niliyoiiba mimi, na kwa kila cheti kinachotoka yuro 20 inaingia kwenye mradi. Unaomba mtandaoni, unajieleza ninyi ni nani na mnafundisha nini, ombi linapitiwa na watu wa mradi. Ukipita unasajili kituo chako, aina ya kozi, mratibu wa kozi, tarehe, halafu majina ya wanafunzi, na kila cheti kinatoka na namba yake, mwajiri akiwa Dodoma au Nairobi anaiingiza namba kwenye websaiti anaona kama ni kweli. Hiyo ya namba ilinigusa maana vyangu vya dhahabu mtu yeyote pale mtaani kwenye steshenari angeweza kuvitoa kwa buku mbili na nisingejua.

Yote hayo niliyasoma nikawa natingisha kichwa, sawa, sawa, hili tunaliweza, mpaka nikafika kwenye sharti moja nikasimama. Taasisi ionyeshe imechangia nini kwenye mradi wa QGIS.

Nikamwita mwenzangu tunayefundisha naye, nikamsomea. Akacheka akasema, "Sisi si tunachangia wanafunzi?" Tukacheka wote. Kisha nikaandika hivyo hivyo kweli kwenye rasimu, kwa maneno mazuri zaidi, kwamba tumeeneza matumizi ya programu Kanda ya Ziwa, tumefundisha watu zaidi ya mia, nikaona imekaa freshi. Nikailaza. Asubuhi nikaisoma tena nikaona aibu, maana wale watu zaidi ya mia wote walitulipa. Ile ni biashara yetu. Huwezi kumwambia mwenye shamba umemsaidia kwa sababu umekula mahindi yake mengi.

Wengine hapa mtaniambia sharti la wazungu hilo, sisi tuna shida zetu. Mimi naona tunalijua kuliko wao. Nani Mwanza hajawahi kuletewa kadi ya mchango wa harusi? Unaitwa kwenye kikao, unaandikwa ahadi, mweka hazina anakupigia mpaka ulipe, singo bei yake na dabo bei yake, na siku yenyewe pale mlangoni anakaa mtu wa kamati na orodha, hata uwe umevaa suti ya namna gani. Halafu kuna wale wazamiaji, hajachanga hata buku, kaingilia mlango wa jikoni, na ndo wa kwanza kupiga picha na maharusi. Miaka miwili yote mimi ndo nilikuwa mzamiaji. Nimekula pilau la watu, nimepiga picha na bibi harusi, na picha nimeiweka juu ya cheti.

Basi tuchange nini? Kuandika kodi za programu hatuwezi, mwenzangu anajua Python, lugha ya kuandikia programu, ile ya kuombea maji, mimi hata hiyo sina. Hela ya kudhamini mradi hatuna. Tukakaa na hilo swali wiki kadhaa, na jibu likaja na mzee mmoja mpima ardhi mstaafu ambaye alijiandikisha kozi akiwa na miaka yake sitini na kitu, na daftari la zamani lenye kodineti, yaani namba za mahali, alizochukua enzi zake kutoka ramani za karatasi.

Siku ya tatu kila mtu aliingiza data zake. Mzee naye akaingiza za kwake, alama za mipaka za huku upande wa ziwani, akabonyeza, nukta zikatokea. Nusu ziko majini. Darasa likaangua kicheko, nami nikaanza kumwambia Shikamoo mzee, labda ulikosea namba wakati wa kunakili. Akaniangalia juu ya miwani. "Mwalimu, hapo mimi nilisimama kwa miguu yangu miwili na sikuloa."

Hakukosea yeye, nilikosea mimi. Nilikuwa nimewaambia wote wachague WGS 84, ndo mfumo wa GPS za simu na ndo nilioujua. Daftari la mzee lilikuwa la Arc 1960, mfumo wa kodineti uliotumika kwenye ramani zetu za zamani Afrika Mashariki, na tofauti ya mifumo hii miwili huku kwetu ni kama mita 300 kwenda kaskazini. Sasa mita 300 ukiwa Shinyanga utahamia shamba la jirani, ukiwa ukingoni mwa ziwa, na maji yenyewe yako kaskazini, unazama. Tulipobadilisha leya kwenda EPSG 21036, namba inayomaanisha Arc 1960 kwenye UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa zoni), zoni ya 36 kusini, nukta zote zikarudi nchi kavu kama kuku jioni. Mzee hakusema kitu, alifungua tu soda yake.

Hapo ndo nikakumbuka kitu ambacho wanafunzi walikuwa wanalalamikia kila kozi. Mwongozo wa mafunzo wa QGIS unatumia data za mji wa Swellendam, Afrika Kusini, mazoezi yake yapo kwenye UTM zoni ya 34, na kila darasa lazima atokee mmoja anauliza, Mwalimu, hii Swellendam ni wilaya gani? Ni mwongozo mzuri, mimi mwenyewe nimejifunza humo, na waliouandika walitumia walichokuwa nacho mlangoni kwao. Ila hauna zoezi la nukta zilizozama Ziwa Victoria. Hilo lilikuwa letu.

Tukaliandika. Zoezi moja, kwa Kiswahili, data za barabara na majengo ya Kirumba tumezichukua OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo nayo ni ya kuchangiwa, na orodha fupi ya nukta za mfano tulizozitunga kwa mtindo wa daftari la mzee. Mwanafunzi anaziingiza vibaya kwa makusudi, anaziona zikizama, anatafuta kwa nini, anazirudisha. Tulidhani ni kazi ya wikiendi. Ilichukua miezi miwili na zaidi, kwa sababu kila tukimpa mtu alijaribu anakwama mahali tulipoona ni wazi, na umeme nao ukikatika mchana unarudi saa ngapi hujui, na mabishano ya maneno ndo usiseme, mwenzangu anataka "tabaka", mimi nataka "leya", mpaka tukakubaliana tuandike vile darasa linavyosema, ikawa leya. Tukaliweka wazi kwa leseni huria, anayetaka kulifundisha Musoma au Bukoba alichukue asituulize.

Na tulipokuwa tunafuata mwongozo hatua kwa hatua ndo tukaona sehemu jina la menyu limebadilika kwenye toleo jipya na maelezo bado yanasema la zamani. Mwaka uliopita ningewaambia wanafunzi ruka hapo, basi. Safari hii nikafungua akaunti GitHub, tovuti ambako mradi unapokea marekebisho, nikapeleka masahihisho, sentensi moja tu, Kiingereza changu nimekipiga pasi mara nne. Mtu wa mbali huko akanijibu nibadilishe maneno mawili, nikabadilisha, siku kadhaa zikapita, likaingia. Sentensi moja. Nilimwonyesha mke wangu kwenye simu, akaniuliza wamekulipa shilingi ngapi.

Hayo ndo tuliyoweka kwenye fomu pale penye mchango, zoezi na masahihisho matatu, maana nilipoonja la kwanza nikapeleka mengine mawili. Ile sentensi ya kueneza matumizi Kanda ya Ziwa tukaifuta. Tukakubaliwa.

Sasa niseme na ninayoyaona ni mazito, nisije kuonekana nimelipwa. Yuro 20 ni zaidi ya elfu hamsini ya kwetu, na kwa kijana anayetoka Magu kila siku kwa daladala hiyo sio hela ya kuchezea, ni chakula chake cha wiki na zaidi. Tunaielewa hesabu yao, mradi hauuzi leseni na watu wanaoutunza wanakula, lakini elfu hamsini ya Mwanza na yuro 20 ya Ulaya hazina uzito mmoja. Kwa hiyo kwetu cheti cha QGIS ni cha kuomba, hakimo kwenye ada, na tunasema siku ya kwanza kabisa. Asiyekitaka anapata barua yetu ya kuhudhuria, nyeupe, jina letu na mhuri wetu, hamna Q wala dhahabu. Kingine ni mawasiliano yote kwa Kiingereza na malipo ya kadi mtandaoni, ambapo kwa vituo vingi vidogo kadi yenyewe ni ya kuazima kwa shemeji.

La tatu ndo linaniumiza kichwa zaidi. Mtihani mmoja wa dunia nzima kama ule wa LPI haupo, kupima mwanafunzi unaachiwa wewe mwenyewe. Mwenye roho nyepesi atampa kila aliyelipa. Sisi tumeweka jaribio letu, siku ya mwisho saa mbili, unapewa faili zenye makosa tuliyoyapanda, unatoa ramani iliyokamilika, na nukta za kuzama zimo. Mpaka sasa darasa moja limefanya, tisa waliingia, saba wakapita, na kati ya saba wanne ndo walitaka kulipia cheti. Wenye vyuo vikubwa wataona ni kidogo mno kusumbukia. Sawa, ila wale wanne namba zao zipo, ukinipigia kuniuliza kama nawajua sihitaji kufungua droo.

Vile vya dhahabu nilivyovitoa siwezi kuvirudisha vyote. Nilituma meseji kwenye grupu la waliosoma, nikaeleza kilichotokea bila kuzungukazunguka, nikasema anayetaka aje afanye jaribio bure, na cheti atalipia ile ya mradi tu. Wengi waliweka dole gumba, wawili walinitukana kidogo, kwa haki yao. Watatu wamekuja.

Mmoja ni yule dada wa Ukerewe. Alishuka na meli ya Nansio Jumamosi, akafika amechelewa nusu saa, akakaa kompyuta ya dirishani, zile mbili zenye kujisikia siku hiyo hazikujisikia kabisa kwa hiyo tukabanana. Alimaliza kabla ya muda. Nukta zake zote nchi kavu. Nikafungua ule ukurasa wa kujaza mwanafunzi, nikamwambia dada nitajie jina vizuri, hiki kikishatoka kina namba na kipo mtandaoni. Akafungua pochi akatoa kitambulisho cha NIDA akakiweka juu ya kibodi yangu.

"Andika kutoka hapa," akasema. "Kile cha kwanza ulinikosea herufi."